Kliniki imepunguza huduma, mwili wako haujapunguza kitu: jinsi ya kupata huduma za afya ya uzazi wakati wa mlipuko

Ugonjwa ukishatangazwa tu, kila kona unasikia bakini nyumbani, msiende hospitali kama huna sababu ya msingi, basi dada anakaa anajiambia sindano yangu ya uzazi wa mpango si sababu ya msingi bwana, ngoja hali itulie kwanza. Hali inachukua miezi kutulia. Mwingine mjamzito anaona damu kidogo anasema nikienda kule nitarudi na ugonjwa, anajilaza. Nimekaa chumba cha uzazi wa mpango miaka, na hawa ndo nawafikiria ninapoandika haya.

Sikia basi. Lile tangazo halikukulenga wewe. Mwaka 2020 korona ilipopamba moto Shirika la Afya Duniani, WHO, liliweka huduma za uzazi, ujauzito na kujifungua kwenye zile ambazo lazima ziendelee hata mambo mengine yakisimama. Kwa hiyo ukienda kuchukua vidonge huendi kujaza foleni za watu, unafuata haki yako.

Na hofu ya kwenda ina gharama yake, hili tumeshaliona kwa macho. Sierra Leone wakati wa Ebola, mwaka 2014 na 2015, wanawake waliacha kwenda kliniki na kujifungulia hospitali, na waliokuja kupiga hesabu baadaye walikadiria vifo vya ziada si chini ya 3,600, ukijumlisha akina mama, watoto wachanga na waliozaliwa wamekufa. Hao si waliougua Ebola, ni waliokosa huduma. Korona nayo, UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, walikadiria kwamba ndani ya mwaka wa kwanza wanawake kama milioni 12 kwenye nchi 115 walikatikiwa uzazi wa mpango na mimba milioni 1.4 zikaingia bila kupangwa.

Jua kipi kinasubiri na kipi hakisubiri

Hapa ndo pa kuanzia, maana watu wengi wanachanganya, wanakimbilia kliniki kwa kitu ambacho kingengoja mwezi halafu wanakaa nyumbani na kitu cha kuua.

Vya kwenda saa hiyohiyo, hata usiku, hata kuna amri ya kutotoka nje: damu nyingi ukiwa mjamzito au baada ya kujifungua au mimba ikiharibika, pedi inalowa chapachapa ndani ya saa moja, maumivu makali ya tumbo upande mmoja na hedhi ilishapitiliza (inaweza kuwa mimba imetunga nje ya kizazi, hiyo haina mjadala), degedege, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, homa kali baada ya kujifungua au mimba kutoka, chupa kupasuka, uchungu. Na kwa wanaume, korodani moja ikianza kuuma ghafla kwa nguvu usikae unaona aibu, inaweza kuwa imejisokota na una masaa machache tu kabla haijafa.

Na kama ni mimba iliyoharibika, iwe imetoka yenyewe au vyovyote ilivyokuwa, nenda. Kutibiwa madhara yake ni huduma ya dharura, kuvuja damu au homa kunatibiwa, kukaa kimya ndo kunaua.

Vya kwenda ndani ya siku moja: aliyebakwa, aliyepasukiwa kondomu, anayekaribia kuishiwa ARV (dawa za VVU), mtoto tumboni amepunguza kucheza (hii ni leo, sio kesho), usaha au vidonda sehemu za siri. Vya kungoja wiki kadhaa bila madhara: kubadilisha njia kwa sababu tu unataka nyingine, kutoa kijiti (kile cha uzazi wa mpango cha chini ya ngozi ya mkono) kilichoisha muda ukiwa na njia nyingine ya kukukinga, kipimo cha kawaida cha saratani ya mlango wa kizazi kama hauna dalili. Ila ukitokwa damu baada ya tendo au umeshakoma hedhi halafu damu ikarudi, hicho si kipimo cha kawaida tena, hiyo ni dalili, nenda.

Piga simu kabla hujavaa viatu

Wakati wa mlipuko vituo vinahama. Chumba cha uzazi wa mpango kinageuzwa cha kutengea wagonjwa, manesi wanapelekwa wodi nyingine, siku za kliniki zinakuwa tatu badala ya tano. WHO iliuliza nchi 105 mwaka 2020, asilimia 68 zikasema uzazi wa mpango umeyumba, asilimia 56 zikasema kliniki ya wajawazito imeyumba. Kuyumba maana yake ukienda kama ulivyozoea unaweza kukuta mlango umefungwa huku huduma ipo jengo la nyuma na hakuna aliyebandika karatasi.

Kwa hiyo tafuta namba ya kituo, iko kwenye kadi yako ya kliniki mara nyingi, la sivyo muulize mhudumu wa afya wa eneo lako, wale wanajua nani yuko zamu kuliko mtu yeyote. Kabla hujapiga shika mkononi kadi, tarehe ya hedhi yako ya mwisho, jina la dawa au njia unayotumia na lini ulipewa, magonjwa uliyonayo hasa presha. Halafu sema moja kwa moja, usizunguke, mtu wa upande wa pili amechoka na ana simu nyingi:

"Habari za kazi nesi. Natumia sindano ya miezi mitatu, nilichomwa tarehe 1 mwezi wa tatu, sina presha. Nauliza mnachoma siku gani na kama naweza kupewa ya kujichoma nyumbani. Na nikija niingilie mlango upi?"

Hiyo tu. Nusu dakika. Akikwambia huduma imesimama muulize swali moja tu, "sasa nielekeze iko wapi?" Usikate simu kabla hajakutajia sehemu. Na andika jina lake, maana ukifika getini mlinzi akakukatalia unasema nimeongea na fulani, milango inafunguka.

Kama una dalili za ule ugonjwa unaosambaa, kikohozi, homa, sema kwenye simu. Hawatakufukuza, watakupangia muda na mlango wako. Ukificha unamuumiza mkunga ambaye kesho anamzalisha mwenzio.

Uzazi wa mpango, na hesabu za tarehe

Nianze na sindano kwa sababu ndo inayowapa watu presha bure. Ile ya miezi mitatu, DMPA, inahesabiwa wiki 13. Mwongozo wa WHO unaruhusu kuchomwa hadi wiki 2 kabla ya siku yako, na ukichelewa hadi wiki 4 bado unachomwa bila kuhitaji kinga ya ziada. Chukua kalenda tuhesabu pamoja. Ulichomwa tarehe 1 Machi. Wiki 13 zinaangukia 31 Mei, hiyo ndo siku yako. Ukisikia fununu za kufungiwa ndani unaweza kuwahi kuanzia 17 Mei. Ukikwama, dirisha lako linafungwa 28 Juni. Ukipita hapo bado unaweza kuchomwa, ila watahakikisha kwanza huna mimba na utatumia kondomu siku 7. Ile nyingine ya miezi miwili yenyewe dirisha lake ni fupi, wiki 2 tu za kuchelewa, kwa hiyo jua unachomwa ipi, wengi hawajui kabisa, wanasema "sindano" basi.

Nilikuwa nawaandikia hizo tarehe tatu nyuma ya kadi kwa kalamu, ya kuwahi, yenyewe, ya mwisho. Dada mmoja alikuja siku ya pili baada ya dirisha kufungwa, kadi iko kwenye pochi muda wote, anasema alidhani akichelewa siku moja tu ndo basi kwa hiyo akaacha hata kujaribu, mwezi mzima wa nafasi ukapita amekaa nao nyumbani. Iliniuma sana ile, na mimba ilikuwa imeshaingia.

Ipo sindano ya kujichoma mwenyewe, dawa ni hiyohiyo DMPA ila inaingia chini ya ngozi na kifaa chake ni kidogo kama kidole, kina kikofia cha sindano mbele na kibofu cha plastiki chenye dawa nyuma. WHO ilipendekeza mwaka 2019 wanawake wapewe wajichome wenyewe, na wakati wa mlipuko hakuna kitu cha maana kama hiki, unapewa kadhaa unakaa nazo. Lazima nesi akuoneshe kwanza na akuangalie ukijichoma ya kwanza. Ukishafundishwa, nyumbani ni hivi: nawa mikono, angalia tarehe ya kuisha, chagua tumboni mbali na kitovu au mbele ya paja. Kitikise kwa nguvu nusu dakika mpaka dawa ichanganyike, elekeza sindano juu, sukuma kikofia kuelekea kwenye shingo ya kifaa mpaka ule mwanya uishe kabisa, hapo ndo wengi wanakosea, wanasukuma nusu halafu dawa haitoki. Vua kikofia, bana ngozi iinuke, ingiza sindano yote ikiwa imeelekea chini kwa mshazari, minya kibofu taratibu ukihesabu mpaka saba, toa, achia ngozi. Usisugue. Kifaa kitupe kwenye chombo kigumu chenye kifuniko ukirudishe kituoni, watoto wasikione.

Vidonge. Omba mizunguko mingi kwa mkupuo, miezi 3 hadi 6, hii inaruhusiwa sehemu nyingi wakati wa dharura lakini usipoomba unapewa mmoja. Vile vya homoni mbili havimfai mwenye presha, anayenyonyesha mtoto chini ya miezi 6, anayeumwa kipandauso cha kuona vimulimuli, wala mvutaji wa sigara aliyefika miaka 35. Hao waombe vya homoni moja. Kama umekosa sindano unataka kuvukia kwenye vidonge mpaka mambo yatulie, vuka, hakuna ubaya, tumia na kondomu siku 7 za mwanzo.

Kijiti na kitanzi hapa ndo mashujaa, havikuulizi kama barabara imefungwa. Kijiti ni miaka 3 au 5 kutegemea aina, kitanzi cha shaba miaka 10. Muda ukiisha katikati ya mlipuko usipaniki, hakigeuki sumu siku hiyo, kikikaa mwilini hakikudhuru na tafiti zimeonesha aina nyingi zinaendelea kukinga kupita muda ulioandikwa. Piga simu utaje aina na tarehe, wakikwambia subiri subiri, huku ukitumia kondomu kwa usalama. Tafadhali usikubali mtu akutolee kijiti nyumbani kwa wembe. Nimeshona vidonda hivyo.

Kondomu nazo zinaweza kuadimika. Machi 2020 kampuni ya Karex ya Malaysia, inayotengeneza kama kondomu moja kwa kila tano duniani, ilifunga viwanda siku kadhaa kwa sababu ya amri ya kutotoka, dunia nzima ikatetereka. Kwa hiyo weka akiba, ila sio kwenye pochi ya suruali wala dirishani penye jua. Kabla ya kufungua bonyeza pakiti kwa kidole, ukisikia hewa inateleza ndani iko salama, ikiwa bapa ishavuja, tupa. Mafuta ya kupaka yanaiharibu.

Mama aliyejifungua anayo njia ambayo haihitaji kutoka nyumbani kabisa. Ukinyonyesha maziwa yako tu mchana na usiku, hedhi haijarudi, na mtoto hajafikisha miezi 6, unakingwa zaidi ya asilimia 98. Yote matatu kwa pamoja lakini. Moja likivunjika tafuta njia nyingine siku hiyohiyo.

Na vidonge vya dharura, ukipasukiwa au ukisahau, vimeze mapema iwezekanavyo, mwisho siku 5, kila saa inayopita nguvu inapungua. Ukitapika ndani ya saa 2 meza tena. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kinazuia kuliko hivyo vidonge na unabaki nacho miaka. Kuwa na dozi moja ndani kabla hujaihitaji ni akili, sio uhuni, mwenye kukuangalia vibaya mwache.

Ukiwa mjamzito

Tangu 2016 WHO inasema mahudhurio 8, la kwanza kabla ya wiki 12. Wakati wa mlipuko baadhi yanaweza kuwa ya simu, ila sio yote, maana hakuna simu inayopima mkojo wala kusikiliza mapigo ya mtoto. La kwanza nenda mwenyewe, lile la kupimwa kundi la damu, VVU, kaswende, presha, na ya wiki za mwisho nenda mwenyewe. Ya katikati omba muongee kwenye simu kama huna shida yoyote. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi omba vya miezi kadhaa.

Ukiweza tafuta mashine ya presha, hata ya kuazima au ya kushea na majirani mnaifuta kwa spiriti. Kaa umetulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiongee. Ikisoma 140 juu au 90 chini na zaidi, rudia baada ya muda kidogo, ikibaki hapo piga simu siku hiyo. Ikifika 160 au 110, au una presha na kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, uso na mikono imevimba, hapigiwi mtu simu ya ushauri hapo, unaenda. Kifafa cha mimba hakitoi notisi.

Mtoto kucheza, hamna namba moja ya wote, wa kwako ana mtindo wake na wewe ndo unaujua. Akipunguza kuliko alivyozoea lala ubavu wa kushoto umsikilize, ukibaki na wasiwasi nenda leo. Hata wakikurudisha mara tatu wamekuta yuko sawa, ya nne nenda.

Usafiri wa siku ya uchungu upange wiki ya 34 sio siku yenyewe. Usiku kuna amri, gari hakuna, dereva anaogopa askari. Ongea na madereva wawili, sio mmoja, waambie kabisa, weka namba zao kwenye karatasi ukutani maana simu inaweza kuzima chaji. Kadi ya kliniki inaweza kukusaidia barabarani, ukisimamishwa unaionesha, na kama kwenu kuna vibali maalumu vya kutembea muombe nesi akuandikie barua yenye muhuri mapema. Uliza pia kituo kinaruhusu mtu wa kukusindikiza ndani, WHO ilisisitiza hata kwenye korona mama ana haki ya kuwa na mtu wake, lakini vituo vingi vilikataza, na ukijua mapema unapanga badala ya kulia mlangoni.

Ukiwa mjamzito na una korona yenyewe, haimaanishi lazima upasuaji, upasuaji unafanywa kwa sababu za kitabibu tu, na unanyonyesha, umevaa barakoa, umenawa, mtoto kifuani kwako. Sasa hapa muwe makini, kila ugonjwa una masharti yake. Ebola ni tofauti kabisa, mama mgonjwa wa Ebola anaachishwa kunyonyesha. Kwa hiyo ugonjwa mpya ukija usibebe masharti ya ule wa zamani, uliza.

Baada ya kujifungua usipotee wiki sita. Siku za mwanzo ndo hatari, damu na homa na presha vinakuja hapo, na njia ya uzazi wa mpango unaweza kupewa kabla hujatoka wodini, kitanzi ndani ya saa 48, kijiti palepale hata ukinyonyesha. Omba kabla ya kuruhusiwa, inakuokolea safari nzima.

Aliyefungiwa na anayempiga

Hili naliandika taratibu. Kufungiwa ndani kunamfungia mtu na anayemuumiza. Ukibakwa, hata kama ni mume, hata kama hujaamua kushtaki, hospitali kwanza. Saa 72 ni za PEP, dawa za kuzuia VVU, inaanza mapema inavyowezekana na inamezwa siku 28. Siku 5 ni za kuzuia mimba. Ukiweza usioge na usifue nguo, weka kwenye mfuko wa karatasi, ila kama umeshaoga bado nenda, tiba haipungui.

Kama simu yako inakaguliwa, futa orodha ya namba ulizopiga, au tumia simu ya jirani. Kubaliana na mtu mmoja neno la siri, neno la kawaida tu ambalo ukimtumia kwenye meseji anajua aje au apige simu kuomba msaada. Na ukiwa kliniki nesi akikuuliza uko peke yako, hilo swali lina maana, lijibu.

Wanaotumia ARV omba za miezi 3 au 6, usikubali ya wiki mbili mbili, na ukikwama mbali na kituo chako kituo chochote cha huduma za VVU kikupe za kukuvusha ukiwa na kadi yako, au hata picha ya kadi kwenye simu. Piga picha hiyo kadi sasa hivi, mbele na nyuma, na ya mtoto pia.

Wakikukatalia

Wapo watakaokwambia hatuhudumii hayo sasa hivi. Mimi mwenyewe niliwahi kurudishwa getini nikiwa nimemsindikiza ndugu yangu mwenye mimba ya miezi minane, tukaambiwa tuje mwezi ujao, mwezi ujao! Tuliomba kuonana na mkunga wa zamu, kwa upole lakini bila kuondoka, na mkunga alipotoka alimpima palepale kwenye benchi la nje, presha ilikuwa 150 kwa 100, akaingizwa. Mlinzi sio daktari. Mwambie "naomba niongee na mkunga au nesi wa zamu dakika moja", taja dalili yako, taja tarehe zako. Wakishindwa kabisa waombe wakuandikie rufaa ya mahali pengine kwa karatasi, maana unayempelekea karatasi yenye muhuri hakukatalii kirahisi.

Na ukishapata ulichofuata usitoke bila vitu vitatu: tarehe ya kurudi, namba ya mtu wa kumpigia ukishindwa kurudi, na dawa za kuvuka hiyo tarehe angalau kwa mwezi mmoja mbele.